Karatasi iliyofungwa ndani ya kisutu

BARUA

Asalaam alaykum mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37. Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na sasa naishi Kisauni na mume wangu. Nakuandikia usiku, watoto wamelala, na kasha la nyanya liko hapa mbele yangu.

Nyanya, mamake baba, alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 91. Baba alimtangulia zamani, mimi nikiwa darasa la sita, kwa hivyo nyanya ndiye aliyenilea. Kila mwezi wa Shaabani alinikalisha chini akanitajia majina ya maiti wetu, mimi naandika, kisha ananituma madrasa niipeleke ile karatasi wasomewe hitima. Miezi mitatu kabla hajafa aliniita, akafungua fundo kwenye ncha ya leso yake, akatoa ufunguo. Aliniambia, "Kasha hili alinipa mamangu, na yeye alipewa na mamake. Sasa liwe lako, wewe ulitunze." Ami alikuwa amekaa mlangoni na hakusema neno. Jirani yetu mmoja pia alikuwepo. Siku hiyo hiyo nikalibeba nikaja nalo kwangu.

Ni kasha la njumu, la zamani sana. Ndani mna mrashi, vikuku vya fedha, picha 11, barua za herufi za Kiarabu, na kisutu, leso ya zamani, kilichochakaa. Katikati ya kile kisutu palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imefungwa kwa uzi. Mimi hizo herufi za zamani sizisomi vyema, basi nikampelekea ustadhi mmoja mzee. Aliisoma polepole, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Hii umeitoa wapi, mwanangu?"

Ni karatasi ya kumwacha huru mjakazi. Mwenyewe anasema amemwacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na wapo mashahidi wawili. Tarehe ni Rajabu 1311. Chini kuna mistari miwili ambayo wadudu wameila. Jina la huyo mwanamke sitaliandika hapa, ila ni jina la harufu nzuri, kama walivyopewa wajakazi wengi siku hizo.

Mshauri, sisi tumelelewa tukiambiwa ni watu wa Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, waungwana wa Mvita, ukoo usio na doa. Nilipomwonyesha ami, mikono ilimtetemeka. Akasema, "Choma. Wazee wakizika jambo, hawaweki alama ili nyinyi mje mfukue." Binti yake ameposwa na watu ambao kwanza waliuliza asili, na harusi ni baada ya Idi kubwa. Wakati huohuo mpwa wangu anatengeneza mti wa ukoo kwenye kundi letu la WhatsApp lenye watu zaidi ya 100, na kila siku ananiuliza, "Shangazi, kwenye kasha hamna karatasi?" Halafu kuna tajiri wa vitu vya kale ambaye amekuja mara mbili kutaka kununua kasha na vyote vilivyomo.

Na kuna jingine linaloniuma. Picha moja ya nyanya akiwa msichana, amesimama na bibi kizee aliyejitanda kaniki, niliipeleka dukani ivikwe plastiki kwa mashine ili isiharibike. Joto likaibabua. Uso wa yule bibi umetoka wote, na sasa nashangaa alikuwa nani.

Nikinyamaza, nahisi namsaliti nyanya. Nikisema, namharibia binamu yangu harusi na ami hatanisamehe. Na mimi mwenyewe sijui tena mimi ni nani. Nisaidie.

Mwenye kasha, Kisauni

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama pale kwenye ile picha. Acha nianze na hapo, maana naona ndipo unapojilaumu zaidi. Ulitaka kuhifadhi, hukutaka kuharibu. Watu wengi hapa mjini wamefanya hivyohivyo na vyeti na picha za wazee wao, kwa sababu duka liko karibu na plastiki inaonekana kama kinga. Usijaribu kuibandua hiyo plastiki, utaondoa na kilichobaki. Iache ilivyo, na ile karatasi usiipeleke huko kabisa.

Sasa niyapange unayoniambia kama nilivyoyaelewa. Una kasha ulilopewa na nyanya mbele ya watu. Ndani yake mna karatasi inayosema kuna mwanamke aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Ami wako anataka ichomwe, mpwa wako bila kujua anaitafuta, tajiri ananusa, na harusi inakaribia. Wewe uko katikati, na umeshajihukumu kwamba hata ufanye nini utamsaliti mtu. Mzigo huo ni mzito, lakini kabla hujaubeba wote, kuna mambo naomba tuyatazame pamoja, kwa sababu nadhani umeyachukulia kuwa yamethibitika na hayajathibitika.

La kwanza ni tarehe. Mwaka 1311 wa Hijria ulianza Julai 1893, na Rajabu yake iliangukia Januari 1894. Kwa hivyo karatasi hii iliandikwa miaka 13 kabla serikali ya Kiingereza haijaufuta utumwa kisheria katika pwani yetu, mwaka 1907. Biashara ya kusafirisha watumwa baharini ilikwisha pigwa marufuku na Sultani Barghash kwa mkataba wa 1873, lakini aliyekuwa ndani ya nyumba ya mtu alibaki ndani. Mwaka huo wa 1894 mwanamke huyu hakuwa na sheria ya kumtetea barabarani. Alikuwa na hiyo karatasi.

Ndiyo maana nakuuliza: karatasi ya namna hii, ni nani aliyekuwa na haja ya kuiweka? Si bwana. Bwana akishaacha huru, yeye amemaliza. Mwenye kuihitaji ni yule aliyeachwa huru, ili mtu akimshika mkono sokoni aseme, mimi huru, tazama. Angeificha mahali pa siri kuliko pote alipokuwa napo. Na kasha, kwa maneno ya nyanya mwenyewe, limekwenda kutoka mama hadi binti, likaja kwake. Ukinifuata, huenda mwanamke huyu ni nyanya wa nyanya yako, upande wa wanawake. Nasema huenda. Lakini kama ndivyo, basi ule ukoo mnaojihesabia, wa Thenashara Taifa, unaopita kwa baba na babu, haujaguswa na karatasi hii hata kidogo. Hakuna aliyekudanganya ulipokuwa mdogo. Ulielezwa upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa umefungwa ndani ya kisutu.

Hata ingekuwa upande wa kuumeni, bado nisingeharakisha kusema ukoo una doa. Katika sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake huzaliwa huru na huchukua nasaba ya babake kamili. Barghash niliyemtaja, Sultani aliyekuwa akitawala Mombasa kutoka Unguja, mamake alikuwa suria wa Kihabeshi. Hakuna aliyemwambia si Busaidi, si wa ukoo wa kisultani.

Turudi kwa ami. Umemweka kama mtu anayelinda sifa, na pengine analinda. Lakini fikiria tena: huyo kwenye karatasi, kwako wewe ni mtu wa mbali, kwake yeye ni bibi wa mamake. Mikono ilimtetemeka, umeandika mwenyewe. Mimi nimewahi kuwasikia watu wa rika lake wakisimulia jinsi neno "mtumwa" lilivyorushwa barazani kama jiwe, na jinsi posa zilivyovunjika kwa mnong'ono mmoja. Inawezekana haoni aibu kwa bibi huyo. Inawezekana alimwona mamake akiumia kwa neno hilo, na hataki limfuate kaburini. Sikusemei kwamba ana haki ya kuchoma. Nakusemea kwamba hujamuuliza anaogopa nini hasa.

Na je, karatasi ni ya kuchomwa na nani? Hapa nakuomba uende kwa kadhi au mwanachuoni unayemwamini, kwa sababu jibu lina uzito. Nyanya alikupa ufunguo akiwa hai, akasema liwe lako, ukaondoka na kasha mbele ya ami na jirani. Hiyo inafanana na hiba, zawadi iliyokabidhiwa, na hiba ikitimia haiingii kwenye mirathi. Lakini alisema pia "ulitunze", na mtu anaweza kudai kuwa ni amana. Tena, ikiwa alikuwa katika ugonjwa wa mauti, wanachuoni huihukumu zawadi kama wasia. Wewe ni binti wa mwana aliyetangulia, na ami yuko hai, kwa hivyo wewe si mrithi, na wasia kwa asiyekuwa mrithi unakubalika hadi theluthi ya mali. Kwa vyovyote lipo la kusemewa upande wako, na ni vyema ulijue kabla mtu hajapandisha sauti. Kuhusu yule tajiri, usimpe neno lolote hadi hilo litulie. Ajue pia kwamba sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 hairuhusu kutoa vitu vya kale nchini bila kibali.

Sasa njia zilizo mbele yako. Naziona kadhaa, na sitakuficha ubaya wa yoyote.

Unaweza kunyamaza na kuhifadhi. Huchomi, hutangazi. Binamu yako ataolewa kwa amani, ami atapumua. Ubaya wake ni kwamba siri ya mtu mmoja hufa na mtu mmoja. Wewe ukiondoka, mwanao atafungua kasha asijue ni nini, au atamwita tajiri. Ukichagua njia hii, angalau andika kwa mkono wako, kwenye karatasi nyingine, ulipoipata, nani aliisoma, na nyanya alisema nini siku ile ya ufunguo. Maneno yale yako kichwani mwako tu.

Unaweza kumwambia mtu mmoja au wawili. Mama yako, kwa mfano, ambaye hukumtaja hata mara moja katika barua ndefu namna hii. Kama yuko hai, alikaa na mama mkwe wake miaka mingi, wakipika jikoni pamoja, na wanawake huambiana mengi huko. Hatari ni kwamba siri ya wawili ina miguu. Ila itakuondolea upweke, na mimi naona upweke ndio unaokukosesha usingizi.

Unaweza kumwambia binamu yako mwenyewe, kabla ya harusi. Hii inanitia wasiwasi na inanivutia kwa pamoja. Ninyi nyote mnamlinda yeye, na hakuna aliyemuuliza. Huenda akasema, mume atakayenikataa kwa ajili ya bibi aliyeteseka simtaki. Huenda pia akalia na kukuomba unyamaze. Na ukimwambia kwa siri umempa mzigo wa kumficha babake au wachumba. Ukienda kwake, jiulize kwanza kama unakwenda kwa ajili yake au ili wewe upumue.

Njia ya kundi la WhatsApp, mwanangu, hiyo ukiifungua haifungiki. Picha ikishatumwa kwa watu 100, dakika tano baadaye iko Lamu na Jeddah. Mpwa wako nia yake njema, na huna haja ya kumwambia uongo. Mwambie, "Kuna karatasi, nazisomesha kwanza, nitakuita." Ni kweli, na itamtosha kwa sasa. Mpe kazi nyingine: kuna majalada ya madai ya ardhi yaliyotokana na sheria ya hati za ardhi ya 1908, wazee wa pwani walipotakiwa kuthibitisha viwanja na mashamba yao. Zipo pia nyaraka za makadhi za ndoa na mirathi. Aanze kwa kuuliza katika ofisi ya kadhi hapa Mombasa na Nyaraka za Taifa, Nairobi. Humo huenda akayapata majina ya babu zenu bila kugusa kasha.

Jambo moja huyo kijana hataweza kukupatia huko. Walioachwa huru wakapitia kwa wamisionari, pale Rabai, au Freretown iliyoanzishwa 1875, hapohapo kwenu Kisauni ambapo kengele yao imeacha jina la Kengeleni, wengi waliandikwa katika vitabu vya kanisa, na karatasi za misheni hiyo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Januari 1889 huko Rabai na vituo vya misheni vya jirani walipewa vyeti vya uhuru watu zaidi ya 1,400 kwa mpigo. Wamehesabiwa. Lakini mjakazi aliyeachwa huru nyumbani, Mji wa Kale, na bwana na mashahidi wawili, mara nyingi hakuingia katika kitabu chochote. Jina lake likiwa mahali pamoja duniani, basi ni hapo kwenye karatasi yako. Hilo nakuambia kwa sababu kuchoma na kunyamaza si kitu kimoja. Aliyenyamaza leo anaweza kusema kesho.

Ndiyo maana, hata kama hutaamua lolote mwaka huu, kuna kazi ya mikono ya kufanya wiki hii. Unyevu wa Mombasa na chumvi ya bahari havingoji vikao vya ukoo. Liinue kasha kutoka sakafuni, liweke juu ya matofali au mbao, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko, na chunguza miguu yake kama mchwa wamefika. Ikunjue karatasi mara moja tu, siku kavu, mikono safi na mikavu, isiwe na mafuta ya nazi wala udi. Ikikataa kufunguka usiilazimishe. Ipige picha kwa simu karibu na dirisha, bila mwanga wa simu kuwaka, mbele na nyuma, na ile mistari iliyoliwa ipige kwa karibu sana. Nakala weka mahali pawili tofauti, zisiwe kwenye simu moja tu. Baada ya hapo usiikunje tena kwenye mikunjo ileile, maana hapo ndipo itakatika. Ilaze kati ya karatasi safi zisizo na asidi ukizipata. Ukizikosa, kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa maji matupu na kukaushwa vizuri kinafaa. Usitumie gundi, wala utepe wa kunata, wala pini. Vidonge vya nondo visigusane na karatasi wala picha. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino. Na kisutu usikifue. Kikunje upya kwenye mistari mingine, weka kitambaa ndani ya mkunjo kisivunjike.

Ukiogopa kufanya peke yako, wapo watu wa makumbusho pale Fort Jesus. Wanaweza kukuonyesha namna, na unaweza kuuliza kama wanapokea nakala kwa masharti, kwa mfano isifunguliwe hadi miaka kadhaa ipite au hadi wewe uidhinishe. Masharti yaandikwe na kutiwa sahihi kabla hujatoa chochote. Hata hiyo ina hatari yake, kwa sababu watumishi hubadilika na makabati huhamishwa, lakini ami akisikia kuna njia ya kati baina ya moto na kundi la WhatsApp, huenda mazungumzo yakawa mengine.

Mpelekee pia ustadhi ile picha ya mistari iliyoliwa, ikuzwe. Hapo ndipo mwandishi angeweza kuandika kwamba amemuoa, au amemzalia mtoto, au amempa kiwanja. Au hakuna lolote ila dua. Kwa sasa wewe na ami mnagombana juu ya barua ambayo hamjaimaliza kuisoma.

Unaniambia hujui tena wewe ni nani. Hapo sina cha kukufundisha, ila naweza kuhesabu. Nyanya alikufa 2024 na miaka 91, kwa hivyo alizaliwa karibu na 1933. Mwanamke aliyeachwa huru 1894, kama alikuwa kijana wakati huo, angeweza kuwa hai nyanya akiwa msichana mdogo. Angeweza kumsuka nywele. Yule bibi wa kaniki kwenye picha, ambaye uso wake umetoka, sisemi ni yeye, lakini wewe mwenyewe umeshaanza kujiuliza. Akiwa ni yeye, nyanya ni mjukuu wake, ami na babako ni vitukuu, na wewe ni kilembwe. Lugha yetu ina jina la kila mmoja wenu.

Na kuna jambo umeliandika kwa kupita tu, nikabaki nalo. Uliandika wewe, kwa mkono wako, kila Shaabani, majina ya maiti wa kusomewa hitima, nyanya akikutajia. Ulikuwa mtoto, ukaandika bila kuuliza huyu ni nani na yule ni nani. Zitafute hizo karatasi, pengine moja imebaki ndani ya msahafu wake au kule madrasa. Usipoipata, kaa kitako usiku kama huu, watoto wakilala, uyakumbuke kwa mpangilio aliokuwa akiyataja. Kisha niandikie: lile jina la harufu nzuri, lilikuwamo?

Mshauri wako